Tanuri la Shaba Lijengwe Lini?

Roli la tani 30 linalotoka Kolwezi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuelekea mpaka wa Kasumbalesa na makinikia ya shaba limebeba vitu vingi ambavyo si shaba. Tuchukue makinikia yenye shaba asilimia 45 na unyevu wa asilimia 8, ambayo ni mali nzuri tu. Ndani ya tani zile 30, shaba yenyewe ni tani 12 na ushei. Zilizobaki ni salfa, silika, chuma na maji. Maji hayo yanalipiwa dizeli, posho ya dereva, tozo za barabara na siku za kulala foleni. Yanavuka Zambia hadi Nakonde na Tunduma, yanateremka mpaka bandari ya Dar es Salaam, kisha yanapakiwa melini kwenda kukaushwa China.

Ukiitazama hesabu hiyo peke yake, utashangaa kwa nini kila mgodi wa shaba hauna tanuri lake mlangoni. Jibu ni kwamba tanuri la kisasa la kuyeyushia shaba hugharimu zaidi ya dola bilioni 1 za Marekani, huchukua miaka kujengwa, na likishawashwa halizimwi kwa kubonyeza swichi. Kampuni inayokua ina mahali pengine pa kuzitia fedha hizo: shimo jipya, kinu cha pili cha kusagia, njia ya umeme. Ndiyo maana mabishano ya bodi za kampuni za madini huhusu mambo matatu: tanuri lije lini, liwe kubwa kiasi gani, na shaba isafishwe mpaka hatua ipi kabla ya kuondoka nchini.

Shaba hupita njia mbili kuu kufika sokoni. Mbale iliyo karibu na uso wa ardhi, iliyooza kwa hewa na maji ya mvua, huloweshwa kwa asidi. Shaba huyeyuka ndani ya asidi, kisha hunaswa kwa umeme ikatoka kama kathodi, yaani bamba lenye usafi wa asilimia 99.99. Hakuna tanuri hapo. Hiyo ndiyo njia iliyoikuza Katanga ya leo, eneo hilo la kusini mwa Kongo: migodi ya Tenke Fungurume, Kamoto, Mutanda. Njia ya pili ni ya mbale ya chini zaidi, ambako shaba imeshikana na salfa. Hiyo husagwa, hueleshwa kwa povu ili kupata makinikia, huyeyushwa tanurini ikawa anodi, na mwisho anodi hutumbukizwa kwenye matangi ya umeme ikawa kathodi. Migodi ya ukanda huu inavyozidi kwenda chini, mbale iliyooza inapungua na ile ya salfa inaongezeka. Kwa hiyo suala la tanuri, ambalo kwa miaka mingi Kongo ingeweza kulikwepa, sasa halikwepeki.

Mfano mzuri kuliko yote uko kilomita chache magharibi mwa mji wa Kolwezi. Mgodi wa Kamoa-Kakula unamilikiwa na Ivanhoe Mines ya Canada na Zijin ya China, kila moja ikiwa na asilimia 39.6, serikali ya Kongo ina asilimia 20, na sehemu ndogo iliyobaki ni ya Crystal River. Ulianza kutoa makinikia Mei 2021. Mwaka 2022 ulizalisha tani 333,497 za shaba iliyomo ndani ya makinikia, mwaka 2023 tani 393,551, na mwaka 2024, baada ya kinu cha tatu kuanza kazi, tani 437,061. Ni migodi michache duniani iliyowahi kukua kwa kasi hiyo. Wakati huohuo wenyewe walikuwa wakijenga tanuri la kutoa tani 500,000 za anodi kwa mwaka, kubwa kuliko yote barani Afrika.

Sababu ya kwanza inayotajwa watu wanapodai tanuri ni ada. Mwenye mgodi anapouza makinikia, mwenye tanuri humkata ada ya kuyeyusha kwa kila tani ya makinikia na ada ya kusafisha kwa kila ratili ya shaba. Mwaka 2024 kiwango cha mikataba ya mwaka kilikuwa dola 80 kwa tani na senti 8 kwa ratili. Kwa makinikia ya kawaida yenye shaba asilimia 30 hivi, hiyo ni takriban dola 450 kwa kila tani ya shaba. Ni fedha nzito, na mwanasiasa yeyote angeweza kusimama jukwaani akauliza kwa nini zinabaki ughaibuni.

Mwaka uliofuata hoja hiyo ilianguka. Kiwango cha 2025 kilishuka hadi dola 21.25 na senti 2.125, yaani kama dola 120 tu kwa tani ya shaba. Katikati ya mwaka huohuo Antofagasta ya Chile ilikubaliana na wayeyushaji wa China ada ya sifuri, na kwenye soko la papo kwa papo ada ilikuwa imeshapita sifuri kwenda chini: mwenye tanuri ndiye aliyemlipa mwenye makinikia ili apate kazi ya kufanya. Chanzo hakikuwa fumbo. China, inayoyeyusha karibu nusu ya shaba ya dunia, iliongeza matanuri haraka kuliko migodi ilivyoweza kuyalisha, na mgodi mkubwa wa Cobre Panamá ulifungwa mwishoni mwa 2023. Huko Ufilipino, Glencore ilisimamisha tanuri lake la Pasar mapema 2025. Kampuni ya madini iliyopanga kujenga tanuri ili iokoe ada, leo ingekuwa imejenga biashara ambayo watu wengine wanaifanya bure.

Kwa Katanga, basi, ada si sababu. Sababu ni barabara na asidi, na zote mbili hazionekani vizuri ukiwa London au Shanghai.

Turudi kwenye hesabu ya roli. Ili kutoa tani 500,000 za shaba kama makinikia ya aina ile, zinahitajika safari zaidi ya 40,000 kwa mwaka. Shaba hiyohiyo ikiwa anodi za asilimia 99.7, safari hazifiki 17,000. Wafua shaba wa kale wa Katanga hawakuhitaji mchumi wa kuwaeleza jambo hili. Waliyeyusha malakiti palepale machimboni wakasubu misalaba ya shaba, na ni shaba iliyokwisha kuyeyushwa, wala si mawe, iliyopita mikononi mwa wafanyabiashara wa masafa, akiwemo Msiri, Mnyamwezi aliyejenga dola lake Bunkeya katika karne ya 19. Mwenye mgodi aliyeko Chile, ambaye makinikia yake hutiririka kwenye bomba hadi gatini, hana msukumo huo. Aliyeko Kolwezi anao kila siku.

Asidi ni hadithi nyingine, na pengine ndiyo yenye utamu zaidi. Makinikia yakiungua, salfa hutoka kama gesi ya sumu ambayo leo haiwezi kuachwa ipande angani. Hunaswa ikafanywa asidi ya salfuriki. Kwenye nchi nyingi asidi hiyo ni mzigo. Haiwezi kumwagwa, haiwezi kurundikwa uwanjani, na matangi yakijaa tanuri husimama hata kama makinikia yapo tele. Mpangaji wa tanuri anayesahau mnunuzi wa asidi amepanga nusu ya kiwanda. Lakini Katanga imejaa migodi ya njia ya kwanza, ile ya kulowesha, na yote ina kiu ya asidi. Kiu hiyo hukatwa kwa asidi ya Zambia na kwa salfa inayotoka mbali, sehemu kubwa ikiwa zao la viwanda vya mafuta na gesi vya Ghuba. Hushushwa Dar es Salaam na bandari nyingine za kusini, kisha hupandishwa kwa malori mpaka Likasi, Fungurume na Kolwezi.

Tani 1 ya salfa hutoa takriban tani 3 za asidi. Tanuri la Kamoa-Kakula lilipangwa litoe kati ya tani 600,000 na 700,000 za asidi kwa mwaka. Kiasi hicho kikinunuliwa na majirani, zaidi ya tani 200,000 za salfa hazitahitaji tena kuvuka bahari na kupanda nyanda za juu. First Quantum ilikuwa imeshaliona jambo hili kule Kansanshi, kaskazini-magharibi mwa Zambia, ilipowasha tanuri lake mwaka 2015: mgodi huo una mbale za aina zote mbili, kwa hiyo tanuri linaloyeyusha makinikia hutoa asidi ya kulowesha mbale iliyooza shimoni humo humo.

Umeme ndio unaoharibu mahesabu mazuri. Kolwezi inaungana na mabwawa ya Inga kwa njia ya kilomita takriban 1,700 iliyokamilika mwaka 1982, na kati ya Inga na mgodini kuna mikono mingi na hitilafu nyingi. Kamoa-Kakula ililazimika kugharimia ukarabati wa mtambo namba 5 wa Inga II, wenye megawati 178, na bado imeweka jenereta za dizeli na kuagiza umeme kutoka nchi za kusini. Ukame wa 2024, ulioikausha Kariba na kuitia Zambia gizani, ulionyesha kwamba hata huko kusini hakuna uhakika. Kinu cha kusagia mawe kikikatikiwa umeme kwa saa 3, hasara ni saa 3. Tanuri lenye shaba ya moto ndani yake likikatikiwa, matofali ya ndani hupasuka kwa baridi ya ghafla na shaba inaweza kuganda mahali pasipotakiwa, na ukarabati ukahesabiwa kwa wiki. Ndiyo maana mgodi ule ulijenga pia akiba ya betri ya megawati 60 ya kulilinda tanuri dhidi ya umeme unaoyumba. Gharama ya namna hiyo haimo kwenye bei anayokutajia mwuza tanuri.

Serikali nazo zina saa yao. Kongo ilitangaza marufuku ya kusafirisha makinikia mwaka 2013, kisha ikaendelea kutoa msamaha mwaka baada ya mwaka kwa sababu umeme wa kuyeyushia haukuwepo. Tanzania iliweka marufuku yake Machi 2017. Makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam, ripoti za kamati za uchunguzi za Profesa Mruma na Profesa Osoro zikasomwa mubashara mbele ya taifa, na neno makinikia likahama kutoka vitabu vya jiolojia kwenda vijiweni. Mgogoro ule ulizaa kampuni ya ubia ya Twiga Minerals mwaka 2019, Barrick ikiwa na asilimia 84 na serikali asilimia 16. Tanuri halikujengwa. Migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ambako makinikia hayo yalitoka, kwa utajiri wake wote wa dhahabu, haikuwa ikitoa makinikia ya kutosha kushibisha tanuri la shaba la kiwango cha biashara. Mjadala wa mwaka ule ulielekezwa kwenye wizi na mrabaha, na kwa haki yake. Swali la tani ngapi lilizungumzwa kwa sauti ndogo mno.

Indonesia ilikwenda mpaka mwisho wa njia hiyo. Sheria ya madini ya 2009 iliwataka wachimbaji wasafishe madini ndani ya nchi, marufuku ikaanza kung'ata 2014, na baada ya mivutano mingi Freeport Indonesia, yenye mgodi wa Grasberg huko Papua, ikajenga tanuri jipya Manyar, karibu na Gresik katika Java Mashariki, lenye uwezo wa kumeza tani milioni 1.7 za makinikia kwa mwaka. Mahali hapo palichaguliwa kwa akili. Gresik iko baharini, ina umeme, na ina kiwanda kikubwa cha mbolea ambacho tayari kilikuwa kikinunua asidi ya tanuri la zamani la mjini humo. Ni maelfu ya kilomita kutoka mgodini, na hilo halikumtisha mtu, kwa sababu meli hubeba tani kwa bei ambayo roli haliwezi kuiota.

Hata hivyo, tarehe 14 Oktoba 2024, muda mfupi baada ya uzinduzi, moto uliwaka kwenye sehemu ya kusafishia gesi inayokwenda kiwanda cha asidi, na uzalishaji ukasimama kwa miezi. Freeport ikajikuta na makinikia ambayo haikuweza kuyayeyusha na ambayo sheria haikuruhusu kuyauza nje, ikabidi irudi serikalini kuomba kibali. Tanuri lilipofufuka katikati ya 2025, mgodi nao ukapata msiba: Septemba 8 tope lilivamia mapango ya Grasberg na kuua wafanyakazi 7, na uchimbaji ukakatizwa. Mwaka mmoja tanuri halipo na mbale ipo. Mwaka wa pili tanuri lipo na mbale haipo. Kampuni iliyofungiwa na sheria mgodi na tanuri kwa kamba moja haina pa kukimbilia upande wowote.

Kamoa-Kakula imepita kwenye tundu hilohilo, bila kulazimishwa na mtu. Mwaka 2025 mgodi ulikuwa umepanga kutoa kati ya tani 520,000 na 580,000 za shaba. Hesabu ya tanuri la tani 500,000 ilikuwa imekaa vizuri: lishibe kwanza, na ziada iyeyushwe kwa ada kwenye tanuri la jirani. Mei mwaka huo mitikisiko ya ardhi iliutingisha mgodi wa Kakula, maji yakafurika chini, kazi ikasimama, na makadirio yakashushwa hadi kati ya tani 370,000 na 420,000. Tanuri lenyewe, ambalo ujenzi wake ulikamilika kuelekea mwisho wa 2024, halikuanza kulishwa makinikia hadi miezi ya mwisho ya 2025. Kwa bahati, kuchelewa kwa kimoja kulifunika pengo la kingine. Makinikia yaliyokuwa yamerundikwa yakawa akiba ya kulianzisha. Bahati ya namna hiyo haiandikwi kwenye mpango wa kampuni, na mpangaji mwingine asiitegemee.

Kinachofaa kuigwa ni kile kilichofanyika kabla ya hapo, ambacho hakikupigiwa tarumbeta. Wakati tanuri lake bado ni michoro, mgodi ulipeleka sehemu ya makinikia yake kwenye Lualaba Copper Smelter, tanuri la kampuni za China lililoko Kolwezi, kwa mkataba wa kuyeyushiwa kwa ada. Makinikia mengine yaliuzwa kama yalivyo. Kwa njia hiyo kampuni ilijifunza tabia ya makinikia yake ndani ya moto, ikapunguza safari za malori, na haikufunga mabilioni kwenye matofali kabla ya kujua mwamba wa chini una nini. Kampuni inayokua inapaswa kukaa kwenye hatua hiyo ya kukodi kwa muda mrefu kuliko fahari yake inavyotaka. Na tanuri linapokuja, kwa maoni ya mwandishi huyu, lipimwe kwa kile mgodi unachoweza kutoa katika mwaka mbaya, ziada ya miaka mizuri iende kwa jirani. Tanuri dogo lililojaa hulipa deni lake; kubwa lenye njaa huchoma mafuta yaleyale kwa shaba pungufu.

Kuna mtego mwingine kwa anayedhani atajaza pengo kwa makinikia ya wengine. Matanuri hayafanani. Lile la Kamoa-Kakula ni la aina inayotoa shaba ghafi kwa hatua moja, pasipo kupitia hatua ya kati, na linapenda makinikia yenye shaba nyingi na chuma kidogo. Ni machache duniani: Olympic Dam ya Australia, Głogów ya Poland, na la Nchanga mjini Chingola, Zambia, saa chache tu kwa gari kutoka Lubumbashi. Faida yake ni kiwanda kifupi na gesi inayonaswa kwa urahisi. Hasara ni kwamba taka zake hutoka na shaba nyingi ambayo lazima ikamuliwe tena, na makinikia yenye chuma kingi ya mgodi wa kawaida huzidisha taka hizo. Hivyo uamuzi wa aina ya tanuri, ambao huonekana kama kazi ya wahandisi tu, ndio unaoamua miaka 20 ijayo ni majirani gani wanaweza kuwa wateja.

Hatua ya mwisho, ya kutoka anodi kwenda kathodi, Kamoa-Kakula haikuijenga. Wengi hulaumu umeme, na hapo wanakosea. Kusafisha anodi hutumia kilowati-saa kati ya 300 na 400 kwa tani, wakati kunasa shaba kutoka kwenye asidi, kazi inayofanywa kila siku Tenke na Kamoto, hutumia kama 2,000. Kwa tani 500,000 usafishaji ungehitaji megawati 20 hivi. Kizuizi ni fedha iliyolala. Anodi hukaa ndani ya tangi kwa takriban wiki 3 ikiliwa taratibu, na hiyo maana yake ni kwamba wakati wowote tani zaidi ya 28,000 za shaba ziko ndani ya maji ya asidi zikisubiri. Kwa bei ya dola 10,000 kwa tani, hizo ni dola milioni 280 ambazo haziwezi kuguswa. Faida ya kulipa gharama hiyo, kwenye migodi mingine, ni tope linalobaki chini ya tangi likiwa na dhahabu na fedha. Freeport ilijenga kiwanda kizima cha kulisafisha kule Gresik. Shaba ya Kakula haina dhahabu ya kujengewa kiwanda. Anodi zenye usafi wa asilimia 99.7 zinauzika, ni nzito, haziibiki kirahisi kwa mkono na hazilowi mvua.

Union Minière, kampuni ya enzi za ukoloni wa Kibelgiji, iliamua vivyo hivyo miaka zaidi ya 100 iliyopita. Tanuri lake la Lubumbashi lilitoa shaba ya kwanza mwaka 1911, na usafishaji wa mwisho ukabaki Ulaya kwa muda mrefu. Kiwanda cha kutoa kathodi kwa umeme cha Shituru, Likasi, kilianza 1929. Walioamua wakati ule walikuwa na viwanda vya kwao Ulaya vya kulinda. Kongo ya leo haina sababu hiyo, ina sababu ya kutaka kinyume chake, na inamiliki asilimia 20 ya mgodi wa Kamoa-Kakula. Matangi ya karibu zaidi yenye uzoefu wa kazi hiyo yako Mufulira, upande wa pili wa mpaka, kwenye kampuni ya Mopani ambayo tangu 2024 asilimia 51 ya hisa zake ni za International Resources Holding ya Abu Dhabi. Anodi za Kolwezi zinazokwenda baharini kupitia Kasumbalesa hupita mwendo mfupi kutoka hapo. Kuziteremsha njiani, zikasafishwa, zikaendelea na safari zikiwa kathodi, kunahitaji forodha mbili zikubaliane nani atoze nini na cheti cha asili kiandikwe nchi ipi.